KUPOTOKA USO: SABABU ZAKE, DAWA ZAKE NA HUKUMU YAKE



Ndugu Waislamu, hapana uso wa mwanadamu uliolingana pande zake mbili sawasawa. Atazamaye kioo kwa makini ataona jicho moja limeinuka kidogo kuliko la pili, au shavu moja limejaa kuliko mwenziwe. Hayo ni maumbile, si maradhi, wala hayana haja ya dawa. Somo letu ni juu ya uso uliopotoka kupita kiasi, nao ni wa namna tatu. Asiyezipambanua hukawia pale impasapo kuharakisha, na huharakisha pale impasapo kusubiri.

1. ULIOPOTOKA GHAFULA

Mtu huamka asubuhi, akinywa maji yamtoka pembeni mwa mdomo, na jicho moja halifumbi. Hapo wengi wetu husema amepigwa na upepo au na jini, zikapita siku nyingi katika kombe na mafusho. Dua ni jambo jema, walakini haimzuii mtu kwenda kwa tabibu. Wanavyuoni wetu waliyajua maradhi haya tangu kale. Waarabu huyaita laqwa, na Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliyaeleza kwa urefu katika kitabu chake al-Hawi.

Sababu zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kiharusi, nacho ni damu kuzuilika au kumwagika ndani ya ubongo. Ya pili ni kuvimba kwa mshipa wa fahamu wa uso, upitao katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba hubanwa, na upande ule wa uso hupooza. Mwambie mgonjwa ainue nyusi. Kipaji kikikunjana pande zote mbili, na mdomo ndio uliopotoka, aghalabu ni kiharusi, khasa mkono ukiwa mnyonge au maneno yakivurugika. Upande mmoja wa kipaji ukikataa kukunjana, aghalabu ni ule mshipa. Lakini alama hii si hoja ya kukaa nyumbani: katika hali zote mbili apelekwe hospitali saa ile ile.

Dawa ya mshipa uliovimba ni prednisoloni, nayo hutakiwa ianze ndani ya saa 72. Katika utafiti wa Scotland uliotangazwa mwaka 2007, baada ya miezi 9 walipona kabisa yapata watu 94 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo, na yapata 82 katika kila 100 wasiopewa. Zingatieni hesabu hii. Wengi hupona hata bila ya dawa, na ndipo mganga wa uongo apatapo sifa asiyoistahili. Lakini wale 12 walio baina ya 82 na 94 ndio khasara ya kukawia. Na jicho lisilofumba litiwe matone mchana, na usiku lipakwe marhamu na kufungwa, lisije likakauka likapofuka.

2. ULIOPOTOKA POLE POLE

Huu huletwa na mfupa uliovunjika usiungwe vema, na meno yaliyong'oka upande mmoja, au na taya linalozidi kukua upande mmoja. Na uso upoozao kidogo kidogo kwa majuma huenda ukawa na uvimbe katika tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Huyo asichelewe kupimwa.

3. ULIOANZA UTOTONI

Mtoto mwenye msuli wa shingo uliokaza huinamisha kichwa upande mmoja, na uso humfuata. Akitambuliwa mapema, mara nyingi kunyoshwa shingo kwa mafunzo ya tabibu humtosha. Taya lililopinda hutengenezwa kwa waya za meno, au kwa kukatwa mfupa. Na hilo hungojewa mpaka mifupa ikome kukua, kwa wanaume yapata miaka 18.

Ziko pia sindano za kujaza upande uliobonyea, na sindano za botulinamu za kulegeza upande uvutao kwa nguvu, ambazo kazi yake hudumu miezi mitatu au minne. Ile ya kujaza ikiingia katika mshipa wa damu yaweza kupofua jicho. Basi asidungwe mtu ila na tabibu mwenye ijaza.

HUKUMU YAKE

Huulizwa: Je, kutengeneza uso si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu? Jawabu ni kutazama kusudio. Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akafanya pua ya fedha, ikanuka. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru afanye ya dhahabu, nayo dhahabu ni haramu kwa wanaume. Leo matabibu hutia kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kope la juu lililopooza, ili kwa uzito wake jicho lifumbe. Na hali zake zakaribiana na za Arfaja. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, ilijuzisha upasuaji wa kurejesha umbo la asili na kuondoa kasoro iletayo madhara, na ikakataza ule wa kufuata matamanio tu.

Basi, ndugu zangu, aliyepotoka uso kwa maradhi asione haya kujitibu, na mwenye uso mzima asiutie kisu kwa kuiga watu. Na mkimwona mwenzenu amepotoka uso ghafula, msimcheke wala msimfiche ndani. Mchukueni kwa tabibu siku ile ile, kisha mwombeeni dua.