SOMO LA AFYA: KWA NINI MGONJWA AFANYIWE UPASUAJI WA KINYWA?

Tukisikia neno upasuaji wengi wetu hufikiria tumbo au mguu uliovunjika. Kinywa nacho hupasuliwa, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Katika somo hili tutaona sababu 5 za kawaida, ili kamati za sharika ziwatambue wagonjwa mapema na wafadhili waelewe kwa nini nauli ya kwenda hospitali ya rufaa inaweza kuokoa maisha.

1. Jino lililotunga usaha. Mgonjwa hutuliza maumivu kwa vidonge vya dukani, yakipoa hudhani amepona. Usaha ukisambaa chini ya taya na shingoni, hushindwa kumeza na hata kupumua. Hiyo ni dharura. Usaha lazima utolewe na jino bovu lishughulikiwe, kwani vidonge peke yake haviondoi chanzo.

2. Magego ya mwisho. Kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25. Yakikosa nafasi hulala ndani ya taya, na ufizi huvimba mara kwa mara. Hutolewa yale yanayoleta madhara.

3. Taya lililovunjika. Sababu ni ajali za pikipiki, kuanguka au kupigwa. Dalili moja ni meno ya juu na ya chini kutokutana kama zamani. Mama akisema ameanguka, aulizwe kwa upole na faraghani, huenda amepigwa.

4. Uvimbe na saratani. Uvimbe wa taya usiouma hudanganya, kwa kuwa hukua polepole. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 2 kichunguzwe, hasa kwa mtumiaji wa tumbaku au pombe. Daktari hukata kipande kidogo kikapimwe maabara kabla ya kuamua tiba.

5. Mtoto aliyezaliwa na mdomo au kaakaa lililo wazi. Hii si laana wala kosa la mama. Mdomo huweza kushonwa kuanzia umri wa miezi 3 hivi, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18, mtoto akiwa na uzito wa kutosha. Kwa hiyo mama asaidiwe kumlisha tangu siku za kwanza, na mtoto asifichwe.

Tahadhari: Yako maeneo ambako mtoto mchanga mwenye homa au kuhara hukatwa ufizi ili kutoa kinachoitwa "meno ya plastiki". Meno hayo hayapo. Kinachotolewa ni chonge changa ambazo bado hazijaota, na mtoto huweza kufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi. Homa na kuhara vitibiwe zahanati.

Zahanati nyingi hazina daktari wa kinywa na meno. Kamati ijue mapema ni hospitali ipi ya karibu anapatikana, siku gani, na gharama ya kufika huko.

Maswali ya kujadili katika kamati:
(a) Je, katika mitaa yetu kuna mtoto au mtu mzima anayefichwa kwa sababu ya hali ya uso wake?
(b) Mgonjwa akivimba shingo usiku, nani ataitwa na usafiri utatoka wapi?
(c) Tutawaelimishaje kina bibi na wakunga wa jadi kuhusu "meno ya plastiki" bila kuwadharau?