Mfuko wa Mimea Si Lazima Uoze

Mlaji wa Musoma anayelipa zaidi kwa mfuko "uliotengenezwa kwa mimea" tunamtahadharisha: asili ya mfuko si hakikisho la kuoza. Wanga wa mahindi au muhogo huchachushwa ukawa asidi ya laktiki, kisha plastiki. Nayo huhitaji joto la takriban nyuzi 60 ili ioze upesi, joto lisilopatikana ziwani. Plastiki ya miwa, itengenezwayo Brazili, haiozi. Hata mifuko mbadala iliyoenea baada ya katazo la Juni 1, 2019, ingawa yafanana na kitambaa, mingi ni polipropilini itokanayo na petroli. Choma kipande kidogo, mahali salama: pamba, kama ilimwayo Bunda, huwa jivu; polipropilini huyeyuka na kuganda.