Kiembeni Baada ya Kiama: Andika Hamu ya Zamani Bila Kulialia

Unataka kuandika hadithi ya dunia iliyokwisha, na umeamua iwe Kiembeni, Mombasa. Vizuri. New York imeshaangamizwa mara nyingi mno kwenye filamu, wacha ipumzike. Shida inayokungoja si bomu wala virusi. Ni ile sura ambayo mhusika wako ameketi juu ya kifusi akikumbuka enzi, na msomaji anaanza kupiga miayo. Tuishughulikie sura hiyo.

Kwanza jiulize: ni zamani ya nani? Katika riwaya nyingi za Uingereza na Marekani, watu hulilia maji ya bomba na taa za umeme. Mtu wa Kiembeni hawezi kulilia bomba hivyo. Bomba lake lilikuwa likitoa upepo hata kabla ya kiama. Maji aliyanunua kwa mitungi, kwa kijana wa mkokoteni aliyemjua kwa jina na kumkopesha hadi mwisho wa mwezi. Basi atakachokumbuka ni mkokoteni wenyewe: magurudumu yakilia alfajiri, mitungi ya manjano, na deni la mitungi mitatu ambalo hakuwahi kulilipa. Hapo una kitu ambacho mwandishi wa London hana.

Ukitaka mwalimu, usiende mbali. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, macho yake yakiwa kwenye magofu ya mji wa Pate. Usome sasa kama utenzi wa baada ya kiama, maana ndivyo ulivyo. Tazama anavyofanya kazi. Haridhiki kutuambia kwamba mji ulipendeza. Anatuingiza ndani ya nyumba. Anatuonyesha vidaka vilivyopangwa vyombo vya kauri, kisha anatuonyesha ndege wa mwituni waliotaga humo. Anatupeleka kumbini, tunasikia nyenje wakilia.

Iga mbinu hiyo, ni nyepesi: taja kitu, taja mahali pake, kisha taja mpangaji mpya. Duka la M-Pesa lenye kaunta ya wavu, nyuki wamehamia ndani. Matatu iliyolala kando ya steji, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Tangi jeusi juu ya ghorofa, mkuyu umeota ndani yake na kupasua ubavu. Hujaandika neno "huzuni" hata mara moja, na kazi imefanyika.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa Sayyid Abdalla, na hili waandishi wengi hulipita. Hasemi utajiri wa Pate urudi. Anauonya moyo wake mwenyewe usiing'ang'anie dunia. Lakini zile taa na kumbi anazieleza kwa ufundi mkubwa kiasi kwamba wewe msomaji unazitamani. Mapambano hayo ndiyo yanayoupa utenzi nguvu. Mpe mhusika wako mapambano kama hayo: anakumbuka kwa utamu, na ana sababu ya kujikataza.

Sababu hiyo unaweza kuipata jirani. Toka Kiembeni, shuka hadi Haller Park, Bamburi. Kiwanda cha simiti kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikala mwamba wa matumbawe ya kale mpaka kikaacha shimo la mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Mivinje ilistahimili. Majani yake yakawa hayaozi, akaleta majongoo wayatafune yawe udongo. Leo pana msitu. Yaani kiama kidogo kilishapita hapo, na ya baada yake unaweza kuyatembelea Jumapili na watoto.

Sasa geuza. Katika hadithi yako msitu umerudi, umefunika kila kitu mpaka Mtopanga. Mzee mmoja aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi hawezi kuuvumilia. Analilia vumbi la simiti. Analilia zamu ya usiku, marupurupu, ngano za wenzake kwenye lori. Anaikumbuka kwa mapenzi kazi ileile iliyokula ardhi. Mtu huyo ni bora kuliko wahusika kumi wanaolilia machweo ya jua.

Weka vizazi viwili katika hadithi. Cormac McCarthy katika The Road, iliyotoka 2006, ana baba anayeikumbuka dunia na mtoto asiyeijua. Baba anampa mtoto kopo la Coca-Cola. Kwa baba ni kumbukumbu, kwa mtoto ni kinywaji kigeni chenye mapovu. Fanya hivyo kwa mahamri na mbaazi. Nyanya anasimulia jinsi hamri lilivyofura kwenye mafuta, iliki ikanukia mpaka barabarani. Mjukuu, ambaye hajawahi kuona unga wa ngano, anauliza kama hamri huliwa na kunguru. Usimtetee nyanya. Acha mjukuu achoke.

Au nenda upande wa pili: mtu atamani asichowahi kukiona. Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, alifanya hivyo mwaka 2009 katika filamu fupi ya Pumzi. Asha anaishi miaka 35 baada ya Vita vya Maji, ndani ya mji uliofungwa, ambako hata jasho linasafishwa linywewe tena. Anaota mti, na anapewa vidonge vya kuzima ndoto. Filamu haifiki nusu saa. Itazame mara mbili. Ya kwanza kwa raha, ya pili uhesabu ni maneno machache kiasi gani yanayosemwa kuhusu zamani.

Kumbukumbu itie kosa. Nenda kwa wazee wawili wa mtaani, mmoja mmoja, uwaulize walivukaje kwenda kisiwani kabla ya daraja la sasa la Nyali kufunguliwa mwaka 1980. Wataanza na daraja la zamani la kuelea. Hapo usiulize "maisha yalikuwaje", utapewa hotuba. Uliza walivaa nini, walinunua nini njiani, nani alikuwa na dharau. Majibu yao yatagongana. Usiyapatanishe. Waweke wote wawili kwenye hadithi, wabishane kando ya moto huku maji yakiwaishia.

Kama hadithi yako ni ya distopia, yaani utawala upo na unakandamiza, amua mapema utawala huo unaifanyia nini zamani. Unaificha? Unaiuza? Unaifungia kwenye makumbusho? Au unaitumia kama chambo? Orwell alichagua chambo. Katika 1984, kitabu cha mwaka 1949, Winston ananunua kipande cha kioo chenye tumbawe ndani, na mwenye duka anamwambia huenda lilitoka Bahari ya Hindi. Bahari yetu hii! Mwenye duka ni polisi. Kahiu naye alichagua makumbusho: Asha anaruhusiwa kuuonyesha mti, haruhusiwi kuupanda. Chagua moja, uishike mpaka mwisho. Ukichanganya zote, utawala wako utaonekana haujui unachotaka.

Sauti ya utawala huna haja ya kuibuni. Uliisikia. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ya korona ilianza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, huingii wala hutoki. Keti uandike ulichokikosa miezi ile, na ukatae maneno makubwa kama "uhuru". Ramadhani ile taraweh ziliswaliwa nyumbani. Ulikosa nini hasa? Bega la jirani kwenye safu? Viatu vilivyochanganyika mlangoni? Kahawa na soga baada ya swala? Orodha hiyo ndiyo hazina yako, na hakuna mwandishi wa nje atakayekuuzia nyingine kama hiyo.

Tabia hudumu kuliko vitu, basi itumie. Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Zamani Kiembeni maisha yalikuwa mazuri na usafiri ulikuwa rahisi." Itupe. Ya pili: "Kabla mkokoteni haujaondoka, Kombo aliugonga ubavu mara mbili." Kombo alikuwa makanga. Matatu zimekwisha, abiria hakuna, lakini mkono wake hauwezi kuanza safari bila kugonga. Usieleze zaidi. Ukieleza, umeharibu.

Kumbukumbu nayo ilipiwe. Kama mhusika anaikumbuka picha ya harusi, aifuate. Itamgharimu nusu siku, maji ya kunywa, na labda mwenzake. Emily St. John Mandel, katika Station Eleven ya mwaka 2014, aliweka makumbusho ya vitu vya zamani kwenye uwanja wa ndege: simu zilizokufa, kadi za benki, viatu vya visigino virefu. Ni wazo zuri, ila kila mtu sasa anaweka makumbusho. Wewe weka kitu kimoja mkononi mwa mtu mmoja, kisha aje mwenye njaa akitake kwa kazi nyingine. Picha ni karatasi, na karatasi huwasha moto.

Kipimo: kumbukumbu moja kwa kila onyesho, na isizidi aya moja. Ikiisha, mtu afanye jambo ambalo asingelifanya kabla ya kukumbuka. Kama hakuna kilichobadilika, ifute.

Mwisho wa hadithi usirudishe stima. Najua vishawishi: balbu inawaka Kiembeni nzima, watu wanashangilia. Hata leo stima ikirudi watu hushangilia, lakini hiyo haifanyi iwe tamati ya riwaya.

Ukimaliza rasimu, rudi kwenye kurasa za mwanzo ulikoeleza dunia ilivyokwisha, nani alirusha nini, mwaka gani, bahari ilipanda mita ngapi. Bakisha sentensi moja. Zilizobaki zikate, kisha anza hadithi pale kijana wa mkokoteni anapokuja kudai pesa ya mitungi mitatu.