Mashine Isiyotumika Nayo Huzeeka



Vikundi vyetu vingi hapa Dandora, Kayole na Umoja vina amplifaya, spika na betri za kukodisha kwenye harusi na matanga. Mikutano ilipopigwa marufuku Machi 2020, mali kama hiyo ilikaa miezi mingi bila kazi. Mashine ikikaa hivyo halafu iwashwe, huenda ikanguruma au kutoa moshi. Hapo watu huanza kuuliza: nani ameharibu? Mara nyingi mtunza stoo hana kosa. Tujifunze pamoja kinachotokea.

Ni nini huharibika?

*Kapasita.* Ni kile kikopo kidogo ndani ya mashine. Kina karatasi za alumini na maji ya dawa. Juu ya alumini kuna utando mwembamba unaozuia umeme kupita. Ikikaa miaka bila umeme, utando hudhoofika. Ukiwasha ghafla, umeme huvuja, kikopo hupata moto, huvimba na hata kupasuka.

*Betri ya gari au ya sola.* Hupoteza chaji yenyewe polepole. Ikiachwa tupu, chumvi hugandamana kwenye sahani zake na haitashika chaji vizuri tena.

*Betri kavu za redio.* Kopo lake la zinki huliwa polepole, maji hutoka na kula vyuma vya redio.

*Spea mpya.* Hata ambazo hazijatumika huzeeka. Miguu yake hupata kutu, ikakataa kushika risasi ya kulehemu. Nyingi zina namba ya tarehe: 1632, kwa mfano, huwa ni mwaka 2016, wiki ya 32. Kwa hivyo tusinunue rundo kwa sababu tu ni bei rahisi.

Tufanye nini?

1. Tuweke vyombo kwenye rafu, mbali na sakafu yenye unyevu na mabati yenye joto. Joto likipanda digrii 10, maisha ya kapasita hupungua karibu nusu.
2. Tukaushe chombo kabla ya kukifunika, hasa wakati wa mvua.
3. Tutoe betri kavu zote.
4. Betri ya gari ijazwe chaji kabla ya kuwekwa, ikaguliwe kila mwezi, na ikishuka ichajiwe tena. Ya simu iachwe ikiwa nusu.
5. Kila miezi mitatu tuwashe mashine kwa saa moja, na tuandike tarehe kwenye kitabu.
6. Iliyokaa miaka isiwashwe ovyo. Fundi aipime kwanza. Sisi tusiifungue, kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

Maswali ya kujadiliana

- Ni vyombo gani vya kikundi havijawashwa mwaka huu?
- Nani ana zamu ya kuviwasha, na nani atamsaidia?
- Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa kosa la joto na unyevu? Tutapatana naye vipi?