Gwaride Shuleni: Kijana Hujifunza Nini Asimamapo Mstarini?

Elburgon ni mji wa mbao na wa baridi, kando ya reli iendayo Kisumu, kadiri ya kilomita 40 kutoka Nakuru. Asubuhi ya Jumatatu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya msitu wa Mau, wanafunzi wa shule za huko hukusanyika mbele ya mlingoti wa bendera, kama ilivyo desturi ya shule za Kenya. Vijana wachache waliovaa sare za skauti hutoka mbele kwa hatua moja, huipandisha bendera, hupiga saluti, kisha hurudi mahali pao. Wenzao husimama kimya. Mzazi apitaye barabarani akiona hayo husema moyoni, laiti watoto wangekuwa hivi siku zote, hata usiku bwenini.

Tamaa hiyo ya wazazi ina sababu. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001 wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini katika shule ya Kyanguli, upande wa Machakos, na moto huo uliwashwa kwa makusudi. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya 100 za Kenya zilipatwa na mioto. Na mwaka ule ule wa 2001 serikali iliondoa ruhusa ya kuwachapa wanafunzi viboko. Basi wazee wengi huuliza: ikiwa fimbo imekatazwa, na watoto wanachoma mabweni, kwa nini wasiletwe askari wawafundishe adabu? Katika nchi nyingine shule za sekondari zina vikosi vya makadeti. Mbona Nakuru haina, nayo ina chuo cha jeshi Lanet, na kambi za jeshi na za vijana Gilgil?

Swali hili ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa kutazama kwanza gwaride lenyewe ni kitu gani.

Zamani, wakati askari walipopigana kwa bunduki za kushindilia baruti mdomoni, kikosi kililazimika kusimama bega kwa bega na kufyatua kwa pamoja. Mtu mmoja akichelewa au akigeuka upande mwingine, safu yote iliharibika na watu walikufa. Vita vya namna hiyo vimekwisha siku nyingi, wala hakuna jeshi la leo linalopigana mstarini. Hata hivyo majeshi yote yameshika gwaride, kwa sababu yameona kwamba linamfundisha mgeni mambo ambayo hotuba haziwezi kumfundisha: kusikiliza kabla ya kutenda, kuvumilia jua na baridi bila kunung'unika, na kumwangalia jirani yake wa kulia ili hatua zao zilingane. Mwenye miguu mirefu hupunguza hatua, na mwenye mifupi huongeza. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mpasua mbao huvaa sare moja.

Amri ya gwaride ina sehemu mbili, na hapa pana somo ambalo watu wengi hawalitambui. Mkuu hasemi tu "geuka". Husema kwanza "kulia," akalivuta neno hilo, kisha akanyamaza kidogo, ndipo akakata: "geuka!" Neno la kwanza humwambia askari jambo litakalofanyika, na la pili humwambia wakati wake. Ule unyamavu wa katikati ni wa askari, apate kujiandaa. Mkuu akiziunganisha sehemu mbili kwa haraka, kikosi huvurugika, na aibu ni ya mkuu wala si ya kikosi. Mkufunzi mwema hujua hivyo, huirudia amri yake bila kumtukana mtu. Mwalimu mkuu abadiliye ratiba ya shule usiku, pasipo kumweleza mwanafunzi yeyote, ametoa "geuka" bila "kulia".

Saluti nayo haieleweki sawasawa. Watu hudhani ni mdogo kujishusha mbele ya mkubwa. Katika majeshi ya Afrika ya Mashariki, yaliyorithi desturi za Kiingereza, saluti hupigiwa cheo alichokabidhiwa ofisa na taifa, wala si mwili wake au ukoo wake. Na ofisa apigiwaye saluti sharti aijibu. Asiyejibu amevunja adabu sawa na yule asiyepiga. Hata neno "afande", litumiwalo kila kambi tangu Lanet hadi Dar es Salaam, asili yake ni neno la heshima la Kituruki, "efendi", yaani bwana, lililofika kwetu kwa njia ya Misri na Sudan pamoja na askari wa kwanza wa Keya.

Vikosi vya makadeti katika shule vilianza Uingereza kadiri ya mwaka wa 1860, wakati watu wa huko walipoogopa kushambuliwa na Ufaransa. Mwaka wa 1948 vikosi hivyo vilipangwa upya na kuitwa Combined Cadet Force. Marekani ilianza mpango wake wa shule za sekondari kwa sheria ya mwaka wa 1916, na India mwaka wa 1948. Hapa Kenya, wakati wa ukoloni, makadeti walikuwamo katika shule za wavulana wa Kizungu mjini Nairobi, yaani Prince of Wales, ambayo sasa ni Nairobi School, na Duke of York, ambayo sasa ni Lenana. Kijana wa Kiafrika hakupewa bunduki ya mazoezi shuleni, na hasa si katika miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Yeye alipewa kamba, filimbi na skafu ya skauti.

Ajabu ni kwamba uskauti wenyewe ulizaliwa kwa makadeti. Katika vita vya Makaburu, mji wa Mafeking, Afrika ya Kusini, ulizingirwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Mkuu wa ulinzi alikuwa Robert Baden-Powell. Kwa kuwa askari walikuwa haba, wavulana wa Kizungu wa mji walifanywa kikosi cha makadeti. Walipeleka barua na maagizo toka ngome hata ngome, wengine kwa baiskeli, risasi zikipita. (Yafaa isemwe pia kwamba Waafrika wa mji huo walipewa chakula kichache kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa, habari hiyo haikusimuliwa sana katika vitabu vya sifa.) Baden-Powell aliona kwamba mtoto aliyeaminiwa na kukabidhiwa kazi ya kweli hufanya kazi hiyo kama mtu mzima. Mwaka wa 1907 aliwapeleka wavulana kama 20 katika kisiwa cha Brownsea, wana wa matajiri pamoja na wana wa wafanya kazi, akawagawa makundi manne, na kila kundi likawa na kiongozi wake kijana. Gwaride alilipunguza sana, kwa kuwa aliona kwamba gwaride likizidi humfanya mtoto kuwa mashine, naye alitaka mtoto afikiri. Uskauti ulifika Kenya mwaka wa 1910, na mzee huyo mwenyewe alikuja kukaa Nyeri, akafa huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake lipo Nyeri hata leo.

Basi, je, gwaride peke yake laweza kuzuia maasi? Jibu halitafutwi mbali. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Siku chache kabla yao walikuwa wameasi wenzao wa Tanganyika, kisha wa Uganda. Hawa hawakuwa watu wasiojua mstari. Walikuwa wamefundishwa na Keya, miguu yao ikipiga chini kama mguu mmoja. Lakini walikuwa na malalamiko juu ya mshahara, na juu ya maofisa Waingereza waliobaki katika vyeo vya juu baada ya bendera kubadilika, wala hawakupata maelezo ya kuwaridhisha. Maasi yalizimwa kwa msaada wa askari wa Kiingereza, na wengine wakashitakiwa mbele ya mahakama ya jeshi. Kuasi lilikuwa kosa kubwa, na hakuna jeshi liwezalo kulisamehe. Lakini mwenye kudhani kwamba mtu akijua kusimama wima hawezi kuwasha moto, na aitazame Lanet.

Mwaka ule ule wa 1964 serikali ya Kenya ilianzisha Huduma ya Vijana kwa Taifa, ijulikanayo kwa herufi NYS. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Griffin, yule aliyeanzisha Starehe mwaka wa 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Vijana wa NYS walifundishwa gwaride, lakini walifundishwa vilevile kutengeneza barabara, kulima, kupiga matofali na kuendesha mitambo. Baadaye, mwaka wa 1984, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na ghasia za vyuo, serikali iliagiza kwamba kila kijana aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu apite kwanza katika mafunzo ya NYS. Maelfu walipelekwa Gilgil, wakanyolewa nywele, wakaamshwa alfajiri. Wengi walitoka na afya njema na marafiki wa makabila yote. Hata hivyo mpango huo haukumaliza migomo ya vyuo vikuu, nao uliachwa baada ya miaka michache.

Jirani zetu wa Tanzania waliyaona hayo mapema zaidi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka wa 1963, na mwaka wa 1966 sheria iliwalazimisha wasomi kulitumikia kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa mshahara uliopunguzwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga. Rais Nyerere alikasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300. Lakini siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wazima walioishi siku hizo hukumbuka neno hilo la pili kuliko la kwanza. JKT kwa wanafunzi ilisimama mwaka wa 1994, ikarudishwa mwaka wa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, nayo hufanywa baada ya shule, wala si ndani yake.

Kwa hiyo shule ya Elburgon itakayo kutumia gwaride haihitaji bunduki wala haihitaji kumwita sajini. Ina skauti, ina gaidi wa kike, na ina uwanja. Jambo lenye uzito ni nani apewaye mamlaka, na kwa mipaka gani. Taabu kubwa ya mabweni ni wanafunzi wa juu kuwatesa wageni wa kidato cha kwanza: kuwaamuru wafue nguo zao, kuwapiga, kuwapigisha magoti usiku, na kuyaita hayo nidhamu. Mkuu wa kikosi akifuata njia hiyo, sare humpa nguvu ya kudhulumu ambayo hakuwa nayo. Kwa sababu hiyo vikundi na viwe vidogo, vya vijana sita hadi wanane. Kiongozi asishike cheo daima, bali wapokezane. Wala asiruhusiwe kutoa adhabu, isipokuwa kupeleka habari kwa mwalimu mlezi. Mgeni awe na saa yake maalumu ya kumwona mlezi huyo bila kupitia kwa kiongozi wake.

Mzazi naye asidanganywe na mtu asemaye kwamba mtoto aliyejua gwaride shuleni ameshapata nafasi katika jeshi. Jeshi la Kenya haliandikishi mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, huandikisha kwa matangazo na mbele ya watu wote, na kuandikishwa hakuna malipo. Atakaye fedha kwa ajili ya nafasi hiyo, hata akiwa amevaa sare, na apelekwe polisi.