Baba Anataka Kuuza Ploti Nirudi Chuoni

Kwako Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu ni Kisaju. Mwaka jana nilihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta. Nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka, na kwa sasa niko saiba moja hapa Kitengela, nawajazia watu fomu za KRA na eCitizen. Baba ni mwalimu mstaafu. Anataka kuuza ploti ya hamsini kwa mia ili nirudi chuoni nisomee uzamili. Kaka zangu wamenuna. Deni la HELB sijaanza kulipa. Wazee wengi wanaokuja saiba huongea Kimaa tu; niliwahi kujaribu kutengeneza programu ya kuandika wanachosema, ikanishinda kwa kukosa rekodi za kuifunzia. Je, nikubali ploti iuzwe?

Msomi Njia Panda, Kisaju

Binti yangu,

Ploti isiuzwe. Nalitanguliza hilo ili kaka zako wapumue.

Baba yako simlaumu. Katika ualimu, cheti kilikuwa na bei yake. Mwalimu alirudi chuo likizo za Aprili, Agosti na Desemba, akapata diploma, baadaye digrii, akapanda ngazi na mshahara ukasogea. Anakuonyesha njia aliyoiona ikilipa. Lakini kampuni za programu za Nairobi haziendi hivyo. Anayekuhoji atataka kuona ulichotengeneza, kisha akupe swali ulitatue mbele yake. Ukisomea uzamili kwa sababu tu umekosa kazi, utarudi kwenye foleni ile ile miaka miwili au mitatu baadaye, na baba hana ploti. Nimesema mitatu kwa kuwa masomo ya darasani huisha upesi. Tasnifu ndiyo hukwamisha watu. Msimamizi hapatikani, na karo ya muhula mwingine inadaiwa.

Kufundisha chuo kikuu ni habari nyingine. Huko karatasi zinahesabiwa, na hata uzamili hautoshi: mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa kanuni za kutaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu. Wahadhiri wameizozania sana kanuni hiyo, lakini ukiuchagua uhadhiri, jua uzamili ni nusu ya safari.

Sasa tuje kwa Kimaa, ulichokipita mbio kama jambo la kujazia barua. Wahadhiri wa Maseno, wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Africa Nazarene, hicho cha Rongai ndani ya kaunti yako, walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, hazina hiyo wakaiita Kencorpus. Kimaa hakimo. Kwa hiyo programu yako haikukwama kwa uzito wa kichwa chako. Ilikwama pale ambapo wenzako walianzia, yaani kwenye kukusanya. Mtu mwenye swali la namna hiyo, asiloweza kulimaliza peke yake, ndiye ningemwambia arudi shule.

Arudi wapi, na kwa pesa za nani? Chuo cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi Kigali tangu 2011, linalotoa uzamili wa teknolojia ya habari, na Mastercard Foundation inawafadhili wanafunzi wengi wa Kiafrika pale. Rwanda unaingia kwa kitambulisho tu. Kupata nafasi ni kazi ngumu, sikufichi, ila utakapoulizwa kwa nini unataka kusoma, wewe una jibu ambalo wengi hawana. Ukibaki Kenya, usichague chuo kwa jina, chagua mhadhiri. Soma alichoandika kuhusu lugha zetu, kisha mwandikie barua fupi ya kueleza ulipokwama. Mwenye mradi wenye fedha huhitaji wasaidizi.

Wakati unasubiri, anza hapo hapo saiba. Mzee akikubali, mrekodi akisimulia habari za ng'ombe au za mvua, alasiri wateja wakiwa wachache. Mueleze sauti yake itatumika kwa kazi gani, na akikataa muache. Usijaribu Juni 30, siku ambayo nusu ya Kitengela hukumbuka kwamba kuna KRA.

HELB nao wapigie sasa, kabla mwaka wa kusubiri kuanza kulipa haujaisha, mkubaliane kiasi unachoweza. Faini ya kutolipa ni shilingi 5,000 kila mwezi, na mshahara wa saiba hauwezi kuibeba.

Kwa baba usiende peke yako. Nenda na baba mdogo, au rafiki yake waliyefundisha pamoja, na kaka zako wawepo. Usiseme hutaki kusoma, maana hilo ndilo pekee atakalosikia. Sema hivi: ploti ikae mpaka nipate barua ya kukubaliwa, tujue ufadhili umefika wapi na pengo ni shilingi ngapi; hapo tutaongea tena. Kisha umpe kazi. Rekodi zako hazitafaa kitu bila mtu wa kuziandika neno kwa neno kwa tahajia sahihi ya Kimaa, na nyumbani kwenu yupo mwalimu mzima ambaye hana daftari za kusahihisha siku hizi.

Shangazi