JINA LA TOVUTI NA LUPANGO LAKE



Katika sanduku la maswali tulikuta karatasi tatu zenye ulizo moja: domeni ni kitu gani, na juu ya nini watu wanailipia kila mwaka? Waliouliza ni wadogo zetu wa madarasa ya chini. Lakini tumesikia hata wakubwa wanachanganya mambo haya, na sasa kamati ya wazazi iko na shauri la kuipatia shule yetu tovuti kwa michango yetu. Basi sisi wa mwaka wa mwisho tumeona heri tulieleze jambo hili polepole. Mwenye kulijua tayari atuvumilie.

Mtu akitaka watu wamfikie hapa Rubaya, anahitaji lupango, anahitaji nyumba juu ya lupango, tena anahitaji jina ambalo mgeni ataliuliza njiani. Tovuti ni vile vile. Nyumba ni kurasa zenyewe, yaani maandishi na picha. Lupango ni nafasi ndani ya seva. Jina la kuuliza njiani ndilo domeni. Vitu hivi vinalipiwa mbali mbali, na mara nyingi kwa watu mbali mbali. Mwenye kushika neno hili moja amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Seva ni kompyuta, ila kazi yake ni kungoja. Mtu wa Sake au wa Brussels akiomba ukurasa, hata saa nane ya usiku, seva inampelekea. Kwa hiyo haipaswi kuzimika, inahitaji baridi, na inahitaji waya mzuri wa intaneti. Ndiyo maana hakuna mwenye akili anayeiweka chini ya meza ya sekretari, moto unaweza kukatika wakati wowote. Watu hupanga nafasi kwa kampuni yenye nyumba za seva. Upangaji wa bei ndogo ni ule wa kushirikiana: kompyuta moja, tovuti nyingi, sawa na nyumba ya vyumba vingi yenye bomba moja la maji. Jirani akichota sana, wewe unangoja. Shule kama yetu chumba kimoja kinatosha, asitudanganye mtu kutuuzia seva nzima.

(Tuseme jambo moja pembeni. Koltani ya milima yetu inatoa tantali, na tantali hutumika kutengeneza vipande vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Pengine jiwe lililotoka hapa ndilo liko ndani ya seva ile, nasi tutalilipia kodi. Lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

Sasa jina. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Kila seva iko na namba ya IP, kwa mfano 192.0.2.10: vifungu vinne, kila kimoja kati ya 0 na 255. Iko pia aina mpya iliyo ndefu zaidi. Zamani majina na namba zote ziliandikwa katika orodha moja iliyotunzwa California, Marekani. Kompyuta zilipozidi, orodha ikashindwa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akatunga mfumo wa DNS. Humo hakuna mtu mmoja anayejua yote. Simu yako ikitafuta jina, ulizo linakwenda kwanza kwa seva za mzizi, nazo zinajibu tu: "Waulize wenye .cd." Wenye .cd wanasema: "Jina hilo liko kwa fulani." Fulani ndiye anayetoa namba. Hayo yote kabla hujamaliza kupepesa macho.

Kwa sababu hiyo jina husomwa kutoka mkono wa kuume. Katika mak.ac.ug, ug ni Uganda, ac ni elimu ya juu, mak ni Makerere. Katika udsm.ac.tz, ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nchi yetu ni .cd. Si lazima kutumia mwisho wa nchi: Radio Okapi ambayo wazazi wetu wanaisikiliza inatumia radiookapi.net. Sisi kwa wengi tunapendelea .cd kwa shule, kwa kuwa inasema tunatoka wapi, lakini wenzetu wawili wamekataa katakata na wanataka .com.

Hata nchi inaweza kubadilisha jina. Wakati wa Zaire mwisho ulikuwa .zr. Mwaka 1997 nchi ikawa tena Kongo, .cd ikaingia, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa. Anwani yoyote iliyobaki kule haikufika popote.

Tufike penye uzito. Domeni hainunuliwi, inapangwa, mwaka kwa mwaka, kwa mtu anayeitwa msajili. Usipolipa, inaanguka. Kwa .com, jina likiisha kufutwa, mwenyewe yuko na siku 30 za kulikomboa, kisha zinapita siku 5, halafu yeyote duniani analichukua. Msifikiri ni wadogo tu wanaosahau. Mwaka 2020 jina scpt-network.com liliachwa likaisha. Jina hilo lilikuwa linatumiwa na seva zinazojibu maulizo ya .cd yote! Fredrik Almroth, mtaalamu wa usalama kutoka Sweden, aliliona, akaliandikisha yeye kusudi lisishikwe na mwizi, akatoa habari. Alikadiria kwamba nusu hivi ya maulizo ya .cd ingeweza kupitia mikononi mwake. Angekuwa mtu mbaya, angeweza kuwapeleka watu wa benki na wa serikali kwenye nyumba za uongo, na wao wangeona jina lile lile wanalolizoea. Wenye .cd waliacha jina lile wakatumia lingine, na mwezi wa Januari 2021 akaeleza habari yote hadharani.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na sisi. Tunajua duka moja, hatulitaji, ambalo kijana alilitengenezea tovuti nzuri. Domeni aliiandikisha kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake. Akahama, simu ikabadilika, mwaka ukaisha. Kurasa zilikuwa bado nzima ndani ya seva, kodi ya chumba imelipwa, lakini hakuna aliyeweza kuzifikia, na jina lilikuwa limechapwa juu ya mifuko na kibao cha mlangoni. Kijana hakuiba kitu. Ila kwa msajili, aliyeandikwa ndiye mwenye jina, hata kama franga zilitoka kwa mwingine.

Kwa hiyo kamati kabla ya kutoa michango imuulize fundi haya. Domeni itaandikishwa kwa jina la nani? Jibu ni moja tu: la shule. Barua pepe ya msajili itakuwa ya nani? Iwe ya ofisi, neno la siri lijulikane na watu wawili. Bei ya mwaka wa pili ni ngapi? Wengi wanapunguza mwaka wa kwanza peke yake. Tukitaka kuhama chumba, tutapewa nakala ya kurasa zetu? Na akidai malipo makubwa juu ya kile kikufuli kinachoonekana mbele ya anwani, ajue kwamba Let's Encrypt inatoa cheti chake bure tangu 2015.

Tarehe ya kuisha kwa domeni iandikwe katika kitabu cha ofisi, ukurasa wa mbele, pamoja na jina la msajili, na tarehe nyingine ya mwezi mmoja kabla yake, ya kutafuta franga.